Tochi ya mfukoni inafifia na kubadili mwanga yenyewe: nitengeneze au ninunue nyingine?

Mnunuzi wa Alfajiri

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninanunua samaki mnadani hapa Bagamoyo, na mara nyingi huwa ninakagua mzigo kabla hakujapambazuka, kwa hiyo tochi ni chombo changu cha kazi kama ulivyo mzani. Ninayo ndogo ya alumini, inayotumia betri moja ya AA, yenye swichi ya kubofya nyuma. Siku hizi mwanga wake hufifia ninapotembea, kisha hurudi nikiigonga kiganjani, na kubadilisha betri hakukusaidia. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba nikiinama kufunua shavu la samaki ili nitazame matamvua, tochi huruka yenyewe kutoka mwanga mkali hadi ule wa kumwekamweka, ilhali sijagusa swichi. Je, saketi yake imekufa? Na ikibidi kununua nyingine, nitajuaje kuwa ni ya kutegemewa, maana maboksi yote husifia ukali wa mwanga tu?

Fundi Saketi

Ndugu Mnunuzi, dalili hiyo ya mwisho ndiyo inayonifanya niamini kwamba saketi yako ni nzima. Katika tochi nyingi za namna hiyo, saketi hutambua amri ya kubadili mwanga kwa kukatika kwa umeme kwa muda mfupi sana, yaani pale unapobofya swichi nusu. Muunganisho ukilegea na umeme ukakatika kidogo kwa mtikisiko, saketi hudhani umebofya, nayo inatii.

Anza na jaribio hili. Fungua kifuniko cha nyuma, acha betri ndani, kisha chukua kipande cha waya mnene uunganishe upande hasi wa betri na ukingo wa bomba la tochi. Gusa pale mwishoni ambapo chuma kinang'aa, kwa sababu utando mgumu wenye rangi ulio juu ya alumini haupitishi umeme. Mwanga ukitulia hata unapotikisa, ubovu uko kwenye kifuniko. Ukiendelea kucheza, chunguza upande wa kichwa.

Mimi ninakidhania kifuniko. Kichungulie ndani na utaona ringi yenye vitundu viwili vinavyotazamana. Ndiyo inayoshikilia swichi na kupeleka umeme kwenye bomba. Ringi hiyo hulegea kwa kufungua na kufunga mara kwa mara. Ingiza ncha za kibano katika vitundu hivyo uizungushe mpaka ikaze, lakini usitumie nguvu nyingi, kwa kuwa hesi zake ni nyembamba na zikiharibika hazirudi.

Kwa kuwa uko pwani, chumvi nayo ni mshukiwa. Ukiona unga mweupe kwenye hesi, futa kwanza kwa kitambaa chenye maji baridi, kwani chumvi huyeyuka kwa maji, kausha vizuri, kisha umalizie kwa spiriti. Springi na ncha za shaba zisugue kwa kifutio cha penseli. Msasa uache kabisa, maana huondoa utando unaozuia kutu. Ikiwa unga huo uko kwenye springi na umetoka kwenye betri iliyovuja, hapo tone la siki hufaa, kwa sababu uchafu wa betri za alkali ni wa kibesi, yaani kinyume cha asidi, nayo siki ni asidi. Ila futa siki yote baadaye.

Usidharau uchafu mdogo. Tuseme tochi inavuta ampia 1.5, na kwenye muunganisho kuna ukinzani wa omu 0.2 tu: volti 0.3 zinapotea njiani, nayo betri yenyewe ina volti 1.5. Ni sehemu ya tano nzima.

Mlinzi wa Zamu

Nijibu la pili. Boksi likidai lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 10,000 kwa betri moja ya AA, lirudishe rafuni bila kujadiliana na muuzaji. Betri hiyo ya alkali ina nishati ya takribani wati-saa 3, na LED nzuri hutoa lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati. Lumeni 10,000 zingehitaji wati 67 au zaidi, yaani betri ingeisha ndani ya dakika 3 hivi hata kama ingeweza kutoa nguvu hiyo.

Tafuta alama ya ANSI FL 1, kanuni ya Marekani ya kupima tochi. Tochi iliyopimwa kwa kipimo hicho hutaja muda wa kuwaka, ingawa fahamu kwamba muda huo huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo, kwa hiyo saa 5 za kwenye boksi si saa 5 za mwanga wa kufanyia kazi. IPX7 maana yake imezamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu miezi ya chumvi. Dukani, iwashe kwenye mwanga mkali na uigonge kiganjani pande zote. Ikimweka hata mara moja, iache.

Mnunuzi wa Alfajiri

Nashukuru sana. Kwa waya mwanga ulitulia kabisa, na ringi ilikuwa imelegea kiasi kwamba nilianza kuizungusha kwa kucha. Sasa naitikisa nayo haitingishiki. Hesi nimezisafisha, lakini zinakwaruza. Je, nipake mafuta ya mgando ya kujipaka mwilini?

Fundi Saketi

Hapana, tafuta grisi ya silikoni, kiasi kidogo tu, kwenye hesi na kwenye ringi ya mpira. Mafuta ya mgando yanatokana na mafuta ghafi, nayo huvimbisha baadhi ya aina za mpira, kisha maji hupata njia.

Na kwa kazi yako, siku ukinunua nyingine, uliza CRI, yaani kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi, ya 90 au zaidi kati ya 100. LED za bei rahisi zenye mwanga wa kibuluu hufifisha rangi nyekundu, na matamvua ya samaki aliyevuliwa usiku huohuo yanaweza kuonekana ya kahawia kama ya aliyelala.