Wakala na simu za "rudisha hela sasa hivi": akili inatulizwaje pale pale?

KibandaBuluu: Habari wakuu. Foleni ni ndefu, mara mtu anapiga anafoka: "Nimekutumia kimakosa, rudisha sasa hivi!" Wakala wa pesa kwa simu anajikuta ameshabonyeza kabla hajafikiri. "Kuwa makini" tumeshaambiwa sana. Naomba mbinu ya kutulia simu ikiwa bado sikioni. Natanguliza shukrani.

Nesi_Mstaafu: Mkuu, siri iko kwenye kutoa pumzi. Ukishtuka, moyo unakwenda mbio, pumzi inaishia juu kifuani, na akili inashika jambo moja tu, lile analolisema yeye. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe kwa mdomo polepole kama unapoza chai, hadi 6. Hizo ni sekunde 10. Rudia mara 6, dakika imeisha. Mapigo ya moyo hushuka kwa sababu unatoa kwa muda mrefu kuliko unavyovuta. Wengi hukosea kwa kuvuta hewa nyingi harakaharaka: kabonidayoksaidi inapungua kwenye damu, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinachonyota, na hofu inapanda. Ukisikia kizunguzungu, punguza hewa unayovuta.

FundiMiamala: Nakazia, ila simu ikatwe kwanza. Hakuna anayetulia huku anafokewa. Sentensi iwe ile ile kila siku: "Nakata, naangalia salio, nitakupigia." Usijieleze, kila maelezo yanampa pa kushikia. Simu ilaze kaunta, kioo chini.

Pumzi ikishatulia, angalia salio kwenye menyu, siyo kwenye SMS. Ujumbe wa kughushi mara nyingi hutoka namba ya kawaida, na hesabu haikubali. Salio lilikuwa 214,000, eti umepokea 85,000: menyu isome 299,000. Ikisoma 214,000, hakuna kilichoingia. Jumlisha kwa kalamu kwenye daftari la miamala, maana kuandika tarakimu moja moja kunakulazimisha kwenda taratibu.

KibandaBuluu: Na kama imeingia kweli?

FundiMiamala: Usiirudishe kwa mkono wako, hata akilia. Apige 100, huduma kwa wateja, mtandao wake uurejeshe muamala. Ukimtumia kwenye namba nyingine, bado anaweza kuomba ule wa kwanza urejeshwe, nawe ukapoteza mara mbili. Namba ya tapeli itume kwa SMS kwenda 15040 ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

BiMkubwa_Tandale: Mwanangu, bandika karatasi ukutani usawa wa macho: *Huyu ni nani? Nimethibitisha wapi? Nikisubiri dakika 10, nani ataumia?* Hilo la tatu ndilo linalomaliza kazi, kwa sababu mwenye hela halali hapotezi chochote kwa dakika 10, tapeli ndiye hataki uzipate. Maswali yaandike mchana umetulia, ukishashtuka hutayakumbuka.

Na foleni usiisahau, nayo inasukuma. Waambie wateja kwa sauti: "Samahanini, nathibitisha muamala, dakika moja tu."