Mjadala: Je, bao likataliwe kwa kuotea kwa upana wa kidole?

Ndugu waliotangulia kuchangia wanashikilia kwamba kamera haidanganyi, na kwa hiyo bao linalofutwa kwa msaada wa mashine limefutwa kwa haki. Naiheshimu hoja hiyo, lakini imeruka swali kubwa zaidi: kamera imeona nini, na kompyuta imekadiria nini?

Katika Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar, kamera 12 zilizofungwa chini ya paa la kila uwanja zilifuatilia mpira na hadi alama 29 za mwili wa kila mchezaji mara 50 kwa sekunde, huku kihisi kilichokuwa ndani ya mpira kikituma taarifa mara 500 kwa sekunde. Wakati mpira unapopigwa, basi, unajulikana vizuri. Penye shida ni mahali lilipokuwa bega la mshambuliaji wakati huo. Anayekimbia mita 8 kwa sekunde husogea sentimita 16 kati ya picha moja na inayofuata, na mara nyingi beki anayepanda ili kumwotesha anaelekea upande wa pili. Pengo hilo hujazwa kwa hesabu. Hesabu hiyo inalishinda kwa mbali jicho la mshika kibendera, ila ni makadirio.

Waliotazama Argentina ikicheza na Saudi Arabia tarehe 22 Novemba 2022 watakumbuka mabao matatu ya Argentina yaliyofutwa kwa kuotea katika kipindi cha kwanza. Sheria ya kuotea haihesabu mkono, na mkono unaanzia usawa wa chini ya kwapa. Mashine hulazimika kuukata mpaka huo juu ya mtu anayekimbia amevaa jezi inayopepea.

Sitaki VAR, yaani mwamuzi msaidizi wa video, iondolewe, kama Wolverhampton Wanderers walivyopendekeza katika Ligi Kuu ya England mwaka 2024, wakashindwa kwa kura 19 kwa 1. Nataka kiwango cha makosa kitangazwe, na tofauti ikiwa ndani yake, uamuzi wa uwanjani ubaki. Kriketi inafanya hivyo tayari: mpira unapokadiriwa kwamba ungegusa vijiti vilivyo nyuma ya mpigaji kwa chini ya nusu yake, neno la mwamuzi wa uwanjani halibadilishwi.

Mtu atasema mpaka huo mpya nao utazua ugomvi wake. Utazua, nakubali, lakini mshambuliaji atakayenyimwa bao kwa picha hizo atakuwa ameotea kwa kiasi ambacho kamera zenyewe zinaweza kukithibitisha.