Jetiski ya kusimama ya zamani, faibaglasi imebanduka puani, nianzie wapi?

Kijana_wa_Umoja:
Habari zenu wakuu. Nko Nairobi, nina Yamaha SuperJet ya 1998, ile ya kusimama, cc 701. Ilikuwa ya marehemu mjomba wangu, aliiendesha Mombasa miaka mingi sana, na alipofariki anti akaniambia nikaichukue kuliko ioze nyuma ya nyumba. Injini nimeifungua mwenyewe, nikabadilisha ringi na gasketi, sai inawaka vizuri. Shida iliyobaki ni bodi. Pale puani kuna nyufa nyembamba nyingi zimesambaa kama utando wa buibui na ukibonyeza kwa kidole gumba unaona panabonyea, halafu kule nyuma unaposimamia, ukingo mmoja umepasuka kama sentimita 20 hivi.

Nilimpelekea fundi mmoja anayetengeneza bampa za matatu. Akapiga msasa kidogo, akaweka mati (mkeka wa nyuzi za glasi) tabaka mbili na rezini ya poliesta kwa nje, akapitisha filla na rangi, kwa macho ilikuwa safi kabisa. Nikaipeleka Naivasha. Sikumaliza hata nusu saa, kuruka mawimbi ya boti mara tano sita, nikaona kipande cha pua kimeinuka, nikashika kwa mkono kikatoka chote kama ganda la ndizi. Kilichoniuma ni kwamba chini yake bodi ilikuwa bado inang'aa, yaani hata alama ya kushikana hakuna.

Sasa naomba ushauri kabla sijatupa pesa tena. Nirudie kwa nje ama niende ndani? Rezini ya poliesta ama ya epoksi? Na ni tabaka ngapi? Hii mashine sitaki kuiuza wala kuibadilisha bodi, nataka ikae.

KaribuYaBarabara:
Mbili ni kidogo bro, weka nne. Bampa ya lori huwa tunaweka nne na haisumbui.

Omo_na_Tezi:
Kaka pole kwa mjomba. Na ndugu hapo juu nakuheshimu, ila hata tabaka kumi zingebanduka, zingebanduka tu zikiwa nzito zaidi. Shida yake si idadi.

Mimi nimezaliwa Mtongwe, Mombasa, nimefanya kazi ya boti za faiba miaka kumi na tano kabla sijahamia huku Nairobi, nieleze kidogo. Bodi ya SuperJet ya miaka hiyo haikutengenezwa kama boti zetu za pwani, za kulaza mati kwa mkono na kupaka rezini na rola. Hiyo inaitwa SMC, ni kama unga uliokandwa tayari, rezini na nyuzi fupi na chokaa pamoja, unawekwa katikati ya vyuma viwili vya moto na kukandamizwa kwa nguvu nyingi sana. Ili isigande kwenye chuma wanachanganya ndani yake dawa ya kuachia, kitu cha jamii ya nta, na hiyo dawa haiko juu tu, imo mpaka katikati. Ndio maana poliesta inashindwa kushika, yenyewe hata kwenye bodi ya kawaida si gundi kali, hapo ndio kabisa. Epoksi inashika. Haina ujanja mwingine, tumia epoksi.

Halafu usafi. Huyo fundi alianza na msasa, sivyo? Ndani ya hiyo bodi kuna mafuta ya tusitroki ya miaka zaidi ya ishirini. Ukianza na msasa unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Kwanza osha na sabuni na maji ya moto, kausha, pangusa na asetoni kwa kitambaa cheupe, geuza kitambaa, pangusa tena mpaka kitoke cheupe. Hapo sasa ndio unashika grinda na msasa namba 40, unakwangua mpaka rangi iishe na uso wote uwe hauna mng'ao, ukiona bado kuna kadoa kanang'aa rudi hapo. Ukimaliza, vumbi lote litoke, pangusa mara ya mwisho, na usiguse tena kwa mkono mtupu.

Ndani ama nje: ndani. Fikiria pua inapopiga maji, inasukumwa kuingia ndani, kwa hivyo uso wa ndani ndio unaovutwa, na nyuzi za glasi nguvu yake iko kwenye kuvutwa. Ukiweka nje unabadilisha pia umbo linalokata maji. Nje fanya tu kuziba nyufa.

Ule ukingo uliopasuka, toboa tundu la milimita 3 pale ufa unapoishia kila upande ili usiendelee kutembea. Kisha chonga mteremko pande zote mbili za ufa, mara 12 ya unene, yaani bodi ikiwa milimita 4 mteremko uwe karibu sentimita 5. Wengi hawana subira na hii, wanajaza ufa na filla wanapaka rangi, ikipigwa na wimbi mara mbili ufa unarudi palepale.

Na kabla ya yote hayo, toa tenki ya mafuta, toa betri, acha boneti wazi usiku kucha. Cheche za grinda na mvuke wa petroli kwenye kile kishimo cha injini, usijaribu.

Kijana_wa_Umoja:
Asante sana mzee wangu, nimesoma mara tatu. Swali, nimebaki na kilo mbili za ile mati aliyonunua fundi, naweza tumia na epoksi? Na hii baridi ya Julai, nafanyia kwa geti ya ploti, usiku kunakuwa baridi kweli.

Dada_wa_Meza:
Naomba nijibu hapo, mimi natengeneza meza za mbao na epoksi hapa Ngong Road, boti sijui lakini epoksi naijua.

Ile mati ya nyuzi zilizokatwakatwa weka kando. Nyingi zimeshikanishwa na gundi ambayo inayeyushwa na staireni iliyo ndani ya poliesta. Epoksi haina staireni, kwa hivyo mati inabaki ngumu, nyeupe, haikubali kulala kwenye kona. Tafuta kitambaa cha kufumwa, ama bora zaidi kile cha nyuzi zilizoshonwa zikipishana kimshazari, kizito cha kama gramu 600 kwa mita ya mraba. Uliza maduka yanayouza rezini Industrial Area, wakikuonyesha mati waambie hapana.

Kuchanganya: nunua mizani ndogo ya dijitali ya jikoni. Soma debe, kama imeandikwa kwa uzito pima kwa uzito, kama ni kwa ujazo pima kwa ujazo, hivyo viwili havifanani. Na hadena (ile dawa ya kugandisha) ya epoksi HAIONGEZWI ili ikauke haraka. Kwa poliesta unaweza cheza kati ya asilimia 1 na 2 kulingana na joto, kwa epoksi ukizidisha hiyo hadena ya ziada inabaki bila mwenzake na kazi yako inakuwa laini milele. Nimepoteza meza nzima ya mvule kwa sababu kijana wangu alitaka kunifurahisha akaongeza, nililia siku hiyo.

Changanya kidogokidogo. Ukiacha nusu lita kwenye kikombe inajichemsha yenyewe mpaka inatoa moshi. Mimina kwenye trei pana.

Baridi: joto likishuka digrii 10 muda wa kukauka unakaribia kuwa mara mbili. Anza saa nne asubuhi, jioni funika na nailoni na uweke balbu za zamani za kutoa joto ndani, mbali na nailoni. Siku ya pili itakuwa ngumu kwa mkono lakini ngoja wiki nzima kabla hujaipeleka majini. Na ukiona uso umekuwa na utelezi kama mafuta kabla hujaongeza tabaka lingine, huo unatoka na maji na sponji ya kusugulia sufuria, si asetoni. Usipoutoa tabaka la juu litabanduka kama la kwanza.

KaribuYaBarabara:
Badala ya balbu weka jiko la makaa tu chini ya nailoni, inakauka chap.

Dada_wa_Meza:
Hapana ndugu yangu, tafadhali. Asetoni na moto wa makaa pamoja? Na huyo anafanyia kwenye ploti, kuna watoto wa watu wanalala hapo. Hata bila moto kuwaka, ule moshi wa makaa kwenye nafasi iliyofungwa unaua mtu kimyakimya.

Mawimbi_254:
Naongeza mambo ambayo hayajasemwa. Kaka pima uzito wa hiyo mashine kwanza. Ya umri huo lile povu lililo chini ya sehemu ya kusimamia mara nyingi limekunywa maji kupitia matundu ya skrubu za mkeka wa kukanyagia na za kule nyuma. Toboa tundu dogo upande wa nyuma uchunguze, likitoka jeusi na limelowa, hilo ndilo linafanya bodi inyumbuke, faiba peke yake haitasaidia. Povu lilooza litoke lote, na usiache patupu, hilo ndilo linaizuia isizame ukiingiza maji. Jaza lile la kuchanganya vitu viwili, kidogokidogo, ukimimina lote kwa mara moja linavimba na linaweza kuinua sakafu.

Tabaka: puani mimi ningeweka tatu, basi. Kila moja iwe ndogo kuliko iliyotangulia kwa sentimita 2 ama 3 kila upande ili isiishe ghafla, maana pale inapoishia ghafla ndipo ufa mpya huanzia. Kwenye kona za ndani jaza kwanza epoksi iliyokolezwa na unga laini wa mbao, ilainishe kwa mgongo wa kijiko iwe mviringo, glasi haipendi kukunjwa kona kali. Ukingo tabaka mbili. Usishawishike kuongeza, kila kilo unayoweka puani utaisikia mikononi ukitaka kuinua pua.

Kingine, maski ya karatasi ni ya vumbi tu, kwa harufu tafuta ile ya vichujio. Na Naivasha kaeni mbali na majani ya ufukweni, pampu inavuta magugu, na viboko wanakaa hapohapo.

Omo_na_Tezi:
Yote sahihi. Ila kijana, fanya majaribio kwanza. Weka kipande kimoja cha upana wa vidole vitatu mahali pasipoonekana, acha ncha ikining'inia. Baada ya wiki vuta hiyo ncha na koleo kwa nguvu zako zote. Ndio uanze kazi.

Kijana_wa_Umoja:
Wakuu nimerudi, wiki tano sasa. Povu lilikuwa limelowa lote kama alivyosema Mawimbi, nimetoa gunia mbili, na ndani yake nikakuta kipande cha karatasi ya bima ya mjomba, sijui kiliingiaje, nimekihifadhi. Kipande cha majaribio nilivuta mpaka koleo likateleza, mwishowe nikatumia patasi, na kilipotoka kilitoka na nyama ya bodi yenyewe. Yaani bodi ilipasuka kabla gundi haijaachia. Nilikaa chini pale getini nikafurahi peke yangu.

Pua nimemaliza jana, tatu kama mlivyosema, ukibonyeza sasa hapabonyei kabisa. Nimebakisha rangi. Kuna mtu ameniambia niweke jelikoti, ile rezini yenye rangi ya kupaka tabaka la nje, ni sawa?

Omo_na_Tezi:
Hiyo taarifa ya patasi imenifurahisha sana. Jelikoti hapana, ni ya poliesta, juu ya epoksi mara nyingi haikauki vizuri. Piga praima ya epoksi halafu rangi ya magari ile ya kuchanganya na hadena. Lakini usiache bila rangi, jua linaila epoksi. Ukiwa tayari kwenda majini nijulishe, nataka kuiona hiyo pua ikipiga wimbi.