Mbuyu na wingu la mvua: picha zangu zinatoka kijivu tupu, nakosea wapi?

Kijana wa Area C
Wakuu mbukwenyi. Kuna mbuyu mmoja barabara ya kutoka hapa Dodoma kwenda Iringa, ukishapita Mlowa Barabarani kabla hujafika Fufu, umesimama peke yake shambani. Kiangazi chote ulikuwa uchi, matawi kama mizizi imeangalia juu, sasa mvua za kwanza zimegusa tu umeanza kutoa majani, yale machanga bado yamejikunja, kijani chake kinang'aa mpaka raha. Jumamosi nikachukua boda na kamera ya kuazima, Canon ya kizamani na lenzi yake ya 18-55 (18 inachukua eneo pana, 55 inavuta karibu), nafika wingu limejipanga nyuma ya mti jeusi tii, upepo na vumbi, kwa macho ilikuwa balaa. Nimepiga picha kama 80 hivi. Narudi geto nafungua kwenye laptopu, wingu limekuwa jeupe kama uji, mti wa kijivu, majani hata huyaoni. Setingi nilikuwa nimeacha oto. Kilichoniuma zaidi dogo wa boda kapiga moja na simu yake ya laki mbili imetoka kali kuliko zangu zote.

Fundi Picha Makole
Pole, hilo kosa kila mtu kalipitia. Kamera haijui kama lile ni wingu la mvua, ikiona giza jingi inadhani mwanga hautoshi, inaongeza yenyewe, basi weusi wote unageuka kijivu. Toka kwenye oto kwanza, halafu tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, shusha mpaka kutoa moja ndo upige, ukiona bado shusha tena kidogo. Dogo wa boda nadhani aligusa sehemu yenye mwanga kwenye skrini, simu ikashusha mwanga, kwisha habari. Halafu piga RAW (faili ghafi linalobeba kila kitu kamera ilichoona), giza la kwenye gome utalivuta baadaye kwenye kompyuta, ila wingu likishaungua na kuwa jeupe hulirudishi hata ulie. ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi f/8, na spidi ya shata (kasi ya kamera kufumbua na kufumba) isishuke chini ya 1/250 ya sekunde maana upepo wa kabla ya mvua unatikisa vitawi vyote vya juu.
Hiyo ni nusu tu lakini. Ulipiga saa ngapi na jua lilikuwa wapi?

Kijana wa Area C
Saa nane mchana mkuu. Jua sikuliona, anga lote lilikuwa limefunga.

Fundi Picha Makole
Ndo hapo sasa. Wingu likifunga anga zima mti haupati mwanga wa kuutenganisha na kilichopo nyuma, hata ufanyeje. Nenda kuanzia saa kumi na nusu, zunguka mpaka magharibi iwe mgongoni kwako na mti uwe kati yako na wingu la mashariki. Kisha tulia. Jua likipata kaupenyo dakika mbili tatu tu, gome linawaka kama shaba na nyuma kweusi, na kama kule mbele inanyesha unaweza kupewa na upinde wa mvua juu yake. Siku nyingine unakaa mpaka giza hupati kitu unarudi mikono mitupu, ndo kazi yenyewe.

Mama Zabibu
Mnafundishana shata na nini, hakuna aliyemwambia mtoto wa watu habari ya radi. Mti mmoja peke yake shambani na wewe umesimama pembeni umeshika stendi ya chuma! Kwetu Mpwapwa babu alipoteza ng'ombe watatu kwa mpigo, walijikinga mvua chini ya mti. Ukiona mwanga anza kuhesabu, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja, ngurumo ikikufikia kabla ya thelathini funga begi uondoke, na usirudi mpaka ipite nusu saa bila kusikia kitu. Boda haikukingi, tafuta gari la bodi ya chuma lililofungwa vioo au nyumba ya maana. Siku hiyo kodisha hata bajaji... hapana bajaji nayo turubai tupu, omba mtu mwenye gari.

Msafiri wa Mtera
Mama Zabibu kamaliza, mimi nina dogo tu. Usiusogelee mti na hiyo 18, shina linavimba na matawi ya juu yanalala nyuma kama unaanguka. Rudi nyuma hatua hata mia, piga na 55, hapo wingu nalo linaonekana kubwa nyuma ya mti. Na natofautiana na fundi kidogo, mimi nangoja mvua ipite. Gome likilowa linakuwa na rangi fulani ya zambarau na yale makovu ya walipochuna gome la kusokotea kamba yanaonekana moja moja. Ukibahatisha ng'ombe apite chini ndo watu wanajua huo mti ni mnene kiasi gani. Ila msimu huu watu wanapanda uwele na mtama, omba ruhusa kwa mwenye shamba, usikanyage matuta.

Kijana wa Area C
Mrejesho wakuu. Jana nimeenda na gari la shemeji. Mwenye shamba kakubali, kanionyesha pa kupita, kacheka sana kusikia nimefuata mbuyu. Nimekaa saa nzima na robo bila kubonyeza kitu, saa kumi na mbili kasoro jua likatoboa chini ya wingu, nikashusha kutoa moja na nusu, nikapata picha 9 kabla ya tone la kwanza kutua kwenye lenzi. Ngurumo nikahesabu ishirini na mbili, nikakimbilia garini. Kati ya hizo 9 moja imekubali, majani yanaonekana moja moja kabisa. Dogo wa boda nimemtumia, kaniambia ya kwake bado kali.

Fundi Picha Makole
Ziweke zote mbili hapa tuone.