Kushuka ziwani Empakaai: maji, viatu na muda

Mdau_Sakina: Wakuu, tuko sita, tunatoka Arusha Jumamosi. Tunataka kushuka hadi ziwani ndani ya kreta ya Empakaai, kule Hifadhi ya Ngorongoro, na kurudi siku hiyohiyo. Kila mtu abebe maji kiasi gani? Raba zinatosha?

Njia_ya_Juu: Lita 3 kila mmoja, yote mtoke nayo juu ukingoni mwa kreta. Ziwa lile ni la magadi. Ukichemsha au ukitia vidonge, chumvi inabaki palepale. Raba acheni. Njia inapita msituni, udongo wa volkano ukilowa unateleza vibaya, kwa hiyo buti lenye soli ya meno. Kateni kucha mapema. Kabla ya kushuka fungeni kamba upya, mkikaza pale kifundoni, la sivyo vidole vinagonga mbele kwa mita kama 300 za mteremko. Kupanda kunakula karibu mara mbili ya muda wa kushuka, maana hewa ni nyepesi. Sehemu za ukingo zinazidi mita 3,000. Anayeumwa kichwa na kutapika asishuke kabisa.

Mdau_Sakina: Asante sana mkuu. Askari wa hifadhi ni lazima?

Dereva_Karatu: Lazima, mwenye bunduki. Nyati wamo msituni, msimtangulie askari. Ila Arusha kwenda na kurudi siku moja siwashauri hata kidogo. Laleni Karatu, muwe lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, asubuhi na mapema. Gari liwe fobaifo. Mvua ikinyesha, barabara ya kwenda Empakaai, kipande cha Nainokanoka hadi Bulati, ni tope tupu.

Njia_ya_Juu: Na sweta, ndugu. Ukungu ukishuka ukingoni, jasho linageuka baridi kali.