Namuuliza "simu imefunguliwa?" ananionyesha KIDOLE. Huyu muuza simu wa Kisumu amenimaliza

Wazee, niko hapa Kondele mikono inatetemeka, ugali umepoa mezani. Mnamjua. Yule wa duka la vioo karibu na steji, mwenye kiti kirefu cha kuzunguka. Sitamtaja, mnamjua.

Nilimuuliza kwa heshima zote: "Kaka, hii simu ya Marekani imefunguliwa?" Akaniambia imefunguliwa, mzee, usijali. Nikalipa. Kufika nyumbani natia laini, simu inaniitisha namba ya kufungulia mtandao! Kumbe kampuni iliyoiuza huko ng'ambo bado imeikalia, inakubali laini yao tu.

Nikarudi. Sasa sikilizeni. Laini hata hakuiangalia. Aliinua simu juu watu wote waone, AKATELEZESHA KIDOLE KWENYE SKRINI. "Si hii imefunguka? Ama ulitaka nikufundishe kutelezesha?" Duka lote likacheka. Mpaka mama wa njugu pale nje, ambaye hata hakusikia swali, akacheka. Na hicho kidole kilikuwa na mafuta ya mandazi. Mstari uko hapa kwenye kioo, nauangalia.

Nikamwambia hiyo ni skrini, mimi naongea mtandao. Haina hata PIN, mtoto wangu wa chekechea anaifungua! Akatelezesha TENA. Polepole, kama anayepaka mkate siagi.

Kidole, wazee. Mara mbili!

Omena_Kavu: Kwa hivyo imefunguka ama haijafunguka? Naona kidole kimefanya kazi yake.

MtuWaNakuru: Hapa kwetu huwezi kulishwa hivyo. Unatia laini yako palepale dukani, unapigia mtu, anapokea, ndio pesa inatoka mfukoni.

Omena_Kavu: Nakuru mmekuwa jiji juzi, 2021, tayari mnatufundisha. Sisi tangu 2001.

FundiAsiyelala: Mwenye uzi, uliuliza vibaya. Kufuli ni nyingi. Kuna ya skrini, kuna ya mtandao, halafu kuna ya akaunti ya mwenye simu wa kwanza, na hiyo ndiyo kifo. iPhone zinayo tangu 2013, Android zikafuata 2015. Ukifuta kila kitu bado inakuuliza pasiwadi ya mtu usiyemjua. Yako ya mtandao ni afadhali. Siku nyingine tafuta iliyouzwa Uingereza karibuni, kampuni za simu huko zilikatazwa kuuza zilizofungwa tangu Desemba 2021.

Mwenye uzi: Fundi, hayo yote nilimwambia! ALITELEZESHA KIDOLE!

MamaB_Kakamega: Wewe una bahati. Yangu ni ya lipa mdogo mdogo. Nimechelewa siku moja tu, ikajifunga katikati ya matanga, na mimi ndiye mweka hazina. Watu wanatuma michango, mimi naona tu maandishi ya kudaiwa, skrini nzima. Ikabidi nilipe kwa simu ya mjane.

Omena_Kavu: KWA SIMU YA MJANE. Woi!

MtuWaNakuru: Lakini mama, michango ilifika?

MamaB_Kakamega: Wewe kijana unaniita mwizi?

DerevaWaBusia: Nyinyi mna utani. Shemeji yangu alikosea PIN ya laini mara tatu, ikaitisha PUK, ile namba ya kufungulia laini iliyojifunga. Badala ya kuuliza, akaanza kukisia. Ukikosea PUK mara kumi laini inakufa kabisa. Akakosea zote kumi. Laini yenyewe ilikuwa YANGU.

FundiAsiyelala: PUK iko kwenye ile kadi iliyokuja na laini. Ama upigie kampuni.

DerevaWaBusia: Kadi aliitumia kuchokoa meno.

MtuWaNakuru: Na bado anakaa kwako?

DerevaWaBusia: Anakaa, na kila asubuhi ni mayai mawili.

Mwenye uzi: Jamani, tunarudi kwa kidole ama?

MamaB_Kakamega: Ilifika YOTE. Niko na daftari, na mjane mwenyewe ni shahidi.

Omena_Kavu: @DerevaWaBusia trei ya mayai huko ni pesa ngapi? Hapa wanatunyonga.

DerevaWaBusia: Inategemea kama unataka ya Uganda. Hiyo ni nafuu, lakini shemeji anasema kiini chake hakina rangi.

MtuWaNakuru: Shemeji sasa anachagua kiini?