Pilipili mbuzi zina majani ya ajabu: ni mabadiliko ya mbegu au ugonjwa?

Ndoo14 (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Kuna miche 14 ya pilipili mbuzi kwenye ndoo za lita 20, wiki ya 13 tangu kusia. Mchanganyiko ni kwa uwiano wa udongo debe 2, samadi ya ng'ombe debe 1, maganda ya mpunga nusu debe, ndoo zote sawa. Mitatu haifanani na mingine.

Mmoja una majani nusu meupe nusu kijani, mpaka umepita sawasawa kwenye mshipa wa kati. Wa pili uliota na majani ya mbegu matatu badala ya mawili, na sasa shina limegawanyika matawi matatu. Wa tatu majani ya kileleni yamekuwa membamba, kingo zimejikunja kwenda chini, na maua yanapukutika. Ning'oe yote mitatu?

Kihamba_Juu
Using'oe, mkuu, ila huo wa tatu utenge leo hii hata kabla hujamaliza kusoma. Hauko kundi moja na hao wawili.

Badiliko la kijenetiki hukaa palepale lilipozaliwa, kwenye mche mmoja au tawi moja, na mpaka wake ni mkali kama umekatwa kwa wembe. Ugonjwa wa virusi hauna mpaka: kijani kibichi na kijani hafifu huchanganyika kama maji na maziwa, jani likafanya mabonde na vilima. Na virusi au wadudu huhamia mche wa jirani.

Huo wa majani ya mbegu matatu hauna shida yoyote, utazaa kama wenzake. Shina kugawanyika matatu si kioja pia, pilipili nyingi hufanya hivyo zinapotoa ua la kwanza.

Kitalu_Arusha
Huo mweupe ni wa kulea. Geuza ndoo uangalie shina, huenda ukaona mstari mpauko unaopanda upande mmoja. Majani yanayotokea juu ya mstari ni meupe tupu, ya ukingoni mwa mstari ni nusu kwa nusu, na ya upande wa pili ni kijani. Chembe za upande ule zimeshindwa kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayoulisha mmea, basi. Ukiumwagia urea hautarudi kijani.

Ukitaka matawi yenye rangi mbili, kata kilele sentimita 1 juu ya jani la nusu kwa nusu. Chipukizi linalotoka kwenye kwapa la jani hilo ndilo lenye nafasi nzuri ya kubeba rangi zote. Tawi jeupe tupu liondoe, halijilishi, linakula cha wenzake na jua la mchana litalibabua. Tawi la kijani tupu nalo lipunguze, maana lina nguvu na litaufunika mche mzima. Kivuli kuanzia saa sita mpaka saa tisa.

Kuuzalisha ni kwa vipandikizi: kipande cha sentimita 10, toa maua yote, bakiza majani mawili yenye kijani cha kutosha, chomeka kwenye mchanga safi wenye unyevu, funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Wiki tatu hadi nne mizizi inatoka. Mbegu usizitegemee. Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Carl Correns, alionyesha mwaka 1909, kwa mmea wa maua uitwao Mirabilis jalapa, kwamba rangi ya miche ya namna hii hufuata tawi lililobeba mbegu, si chavua. Mbegu ya tawi jeupe huota miche meupe inayokufa akiba ya mbegu ikiisha.

SamadiKwanza
Wa tatu naona samadi. Ng'ombe akila nyasi zilizopigwa dawa ya magugu ya majani mapana, zile za pikloramu na aminopiralidi, dawa hupita tumboni nzima na kukaa kwenye samadi miezi kadhaa. Dalili ni hizo hizo, majani membamba yaliyopinda. Pima kwa maharage: kopo tatu za samadi yako iliyochanganywa na udongo nusu kwa nusu, kopo tatu za udongo mtupu, mbegu nne kila kopo. Subiri mpaka majani ya tatu yafunguke. Yakijikunja kama kikombe kwenye samadi pekee, umepata jibu.

Kihamba_Juu
Kipimo kizuri, lakini samadi ni ileile kwa ndoo zote 14. Dawa isingechagua mche mmoja. Ndoo14, pindua jani la kileleni: lina rangi ya shaba, linang'aa, ukilikunja linavunjika?

Ndoo14 (Moshi)
Ndiyo, la shaba na linavunjika. Na ndoo ya jirani imeanza kujikunja.

Kihamba_Juu
Huo ni utitiri mpana, kadudu kadogo kanakofyonza majani machanga. Hauonekani kwa macho, una kama milimita 0.2, tafuta lenzi ya sonara ya kukuza mara 20 au zaidi. Hupanda miguuni mwa inzi weupe na kusafiri nao, kwa hiyo nao wadhibiti.

Kata vilele vilivyoharibika, funga kwenye mfuko, usivitupe kwenye mboji. Kisha piga salfa ya kuchanganya na maji (80%), gramu 2 hadi 3 kwa lita, jioni, chini ya majani na ndani ya machipukizi. Siyo ile ya vumbi wanayopulizia mikorosho. Jua likizidi nyuzi 30 inaunguza majani, na isikaribiane na dawa ya mafuta kwa wiki mbili. Rudia baada ya siku 5 hadi 7, mara tatu, kwa sababu kizazi kipya kinakomaa ndani ya wiki moja. Ukitumia abamektini (dawa nyingine ya kuua utitiri), fuata kipimo cha lebo na siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na usipige nyuki wakiwa mauani.

Majani yaliyokwisha kupinda hayanyooki hata utitiri ukifa wote. Wengi hudhani dawa imeshindwa wakaongeza dozi. Angalia majani mapya tu, wiki ya pili au ya tatu.